Farasi Mgeni, Safari Ndefu

Ukitoka Majengo ukashuka kwa miguu hadi soko la Kariokor, utapata viondo, viatu vya akala na nyama choma. Farasi hutamwona. Lakini walikuwepo. Mbio za farasi za walowezi wa Nairobi zilifanyika upande huu huu wa mji, kati ya Kariokor na Eastleigh, hadi 1954 zilipohamia Ngong Road. Na jina lenyewe la Kariokor, ukilifuata mpaka mwanzo wake, linakufikisha kwa farasi waliokufa na watu waliobebeshwa mizigo yao.

Waulize wanaofuga farasi wa mashindano ya masafa marefu, yale ya hadi kilomita 160 kwa siku moja. Watakuambia mnyama mgeni hapelekwi huko hivi hivi. Kwanza anatembezwa polepole, miezi na miezi, ili mapafu, kano na mifupa vizoee. Halafu anaonjeshwa safari fupi, kama kilomita 40. Anafundishwa hata kunywa maji njiani, maana farasi mwenye wasiwasi hukataa maji ya mahali asipopajua. Tena kuna vituo. Hapo daktari wa mifugo humpima mapigo ya moyo, na yasiposhuka hadi karibu 64 kwa dakika katika muda uliowekwa, basi, safari imeishia hapo. Hakuna kubembeleza. Husikilizwa tumbo, huangaliwa ufizi, hukimbizwa kidogo ionekane kama anachechemea. Hata aliyefika wa kwanza hajashinda mpaka farasi wake apite kipimo cha mwisho.

Sasa turudi 1916. Waingereza walikuwa wakipigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Jenerali Jan Smuts, kutoka Afrika Kusini, alimtuma van Deventer na wapanda farasi wake kutoka upande wa Kilimanjaro wakateke Kondoa Irangi, zaidi ya kilomita 200 kuelekea kusini. Ilikuwa Aprili. Mkenya yeyote anajua Aprili ni nini: masika, matope mpaka magotini.

Farasi wale walikuwa wageni. Mbung'o huleta nagana. Usubi, wale wadudu wadogo wa jioni na usiku, huleta ugonjwa wa farasi unaoweza kumuua mnyama kwa siku chache tu, nao huzaana sana wakati wa mvua. Watu wa Afrika Kusini waliujua vizuri ugonjwa huo. Kwao farasi aliyeugua akapona aliuzwa bei ghali, kwa sababu alikuwa ameshalipa kodi ya nchi. Lakini vita haikungoja farasi wazoee. Kondoa ilitekwa tarehe 19 Aprili, na mamia ya farasi walibaki njiani. Mvua ikafunga barabara, jeshi likakaa na njaa, na chakula kikaanza kuletwa vichwani mwa watu.

Hapo ndipo hesabu inapouma, jamani. Farasi akifa kwa mbung'o, na gari likizama matopeni, anabaki mtu. Wapagazi walikuwepo tangu 1914, lakini mahitaji yakazidi kupanda, na mwaka 1917 vijana wakasombwa vijijini kwa nguvu. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukakigeuza: Nairobi ikapata Kariokor, mahali palipokuwa na kambi yao, na Dar es Salaam ikapata Kariakoo.

Nao pia walikuwa wageni wa safari ile. Mtu wa nyanda za juu zenye baridi alishushwa kwenye malaria ya bondeni. Aliyezoea viazi na ndizi alipewa unga wa mahindi usiosagwa vizuri, bila kuni za kutosha kuupika, akaharisha mpaka akafa. Hesabu rasmi ya Waingereza ilifika vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na tumbo, homa na uchovu. Yaani vile vitu ambavyo leo farasi wa mashindano hupimwa kila kituo.

Kenyatta Avenue kuna sanamu ya 1928: Waafrika watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Farasi hayumo. Tunapita hapo tukikimbilia matatu, hata hatuwatazami.

Vita ilipoisha, mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya mji ilitenga mahali pa Waafrika kujenga, jirani kabisa na ile kambi ya zamani. Watu wakainua nyumba zao za udongo na fito, na mtaa ukaitwa Majengo. Eneo zima likaitwa Pumwani, na wengi husema jina hilo linatokana na kupumua, kupumzika.

Kila farasi mgeni leo ana pumwani yake njiani, na mtu wa kusema: huyu amechoka, mwacheni. Wale wa Kariokor hawakuwa na mtu wa kuwasemea hivyo.