Sauti Mbili Zisizotazamana: Albamu ya *United* (1967) na Upokezi Wake

Ni nadra nyimbo za Marvin Gaye na Tammi Terrell kujadiliwa bila mjadala kuanzia kwenye kifo. Mnamo tarehe 14 Oktoba 1967, Terrell alizimia mikononi mwa Gaye wakiwa jukwaani katika chuo cha Hampden-Sydney, jimboni Virginia. Iligunduliwa kuwa alikuwa na uvimbe katika ubongo, na tarehe 16 Machi 1970 akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Tangu hapo albamu yao ya kwanza, *United*, imesikilizwa kana kwamba ni buriani. Usikilizaji huo una kasoro ya wazi: albamu ilitolewa Agosti 1967, kabla ya kisa hicho.

Isitoshe, ukaribu unaosikika humo ni zao la utunzi. “Ain't No Mountain High Enough” na “Your Precious Love” zilitungwa na Nickolas Ashford na Valerie Simpson, waliokuwa bado wageni katika kampuni ya Motown mjini Detroit. Utayarishaji ukawa mikononi mwa Harvey Fuqua na Johnny Bristol. Katika wimbo wa kwanza, Terrell alirekodi sehemu yake peke yake, na sauti ya Gaye ikaongezwa baadaye. Wapenzi wanaopokezana ahadi kwa kasi vile hawakuwa wakitazamana. Wapo wanaouona huo kuwa ulaghai. Watu hao hao, ajabu ni kwamba, hawamdai mwandishi wa tamthilia awe amewapenda wahusika wake.

Linalostahili kuchunguzwa ni ugavi wa zamu. Gaye ndiye anayefungua kauli kwa kuvitaja vikwazo vya maumbile: milima, mabonde, mito. Hata hivyo, anayemwambia mwenzake amwite wakati wa shida ni Terrell. Mwanamke hapa si mbembelezwaji anayengoja kusifiwa. Yeye ndiye mwahidi, na Gaye anaidakia kauli yake na kuiendeleza. Gaye alikuwa amekwisha kuimba na Mary Wells mwaka 1964 na Kim Weston mwaka 1966, lakini ni kwa Terrell ndipo sifa yake ya uimbaji wa wawili ilipokita. Terrell mwenyewe alikuwa msanii aliyekomaa: aliwahi kuimba katika kundi la James Brown kabla ya kujiunga na Motown mwaka 1965. Hekaya ya ugonjwa imemfanya mgonjwa kwanza, mwimbaji baadaye.

Utata ulizidi kwa albamu ya tatu, *Easy* (1969). Gaye alikuja kudai kwamba sauti ya kike humo ni ya Simpson, Simpson akakanusha. Wasikilizaji wamebishana, na ubishi wenyewe unaonyesha jinsi nafsi ya kike katika nyimbo hizi ilivyokwisha kuwa na uhai wake nje ya mwili wa aliyeiimba.

Mwaka 1970 Ashford na Simpson waliurekodi upya wimbo ule na Diana Ross. Ule wa awali ulikuwa umeishia nafasi ya 19 katika orodha ya Marekani. Huu ulifika ya kwanza. Beti zinasemwa badala ya kuimbwa, kwaya inapanda nyuma yake, na sauti inayoahidi ni moja tu. Anayeahidiwa hapewi zamu ya kujibu.