Gari Lililolala: Ada ya Siku Nzima na Uhaba wa Maegesho Katikati ya Nairobi

Kila mara Kaunti ya Nairobi inapogusa ada ya maegesho, ubishi ni uleule. Wenye magari hulalamika kwamba wanakamuliwa. Maafisa hujibu kwamba nafasi ni chache na jiji linahitaji fedha. Nao wataalamu wa usafiri, nikiwamo mimi katika mihadhara yangu ya miaka iliyopita, hushikilia kwamba ada bado ni ya chini mno na ndiyo maana hakuna pa kuegesha. Nimebadili msimamo. Naona sasa kwamba sote tumekuwa tukibishania kiasi cha ada huku tukiacha kuuliza kinapimwa kwa kipimo gani. Barabarani, kaunti hutoza kwa siku, ilhali bidhaa yenyewe inayouzwa ni muda.

Kisa kilichonizindua ni kidogo. Asubuhi moja niliingia mjini kuchukua hati iliyokwisha kugongwa muhuri. Nilizunguka Mtaa wa Banda na vichochoro vyake mara tatu. Penye nafasi moja palikuwa na mtungi wa plastiki wa lita ishirini, na kijana mwenye mtungi akaniambia kwa upole kwamba nikimtoa chai atausogeza. Nilimuuliza kama hakuna gari katika safu ile lililo karibu kuondoka. Alinyoosha kidole, akayapitia moja moja. “Hiyo imelala, mzee. Hiyo pia imelala. Ile ya wakili inaamka saa kumi na moja.” Nilitoa chai. Nikalipa Sh300 za kaunti kwa simu, nikaichukua hati yangu, nikaondoka baada ya dakika 20 hivi. Safu yote iliyobaki ilikuwa bado usingizini.

Tangu hapo nimeazima msamiati wa kijana yule, kwa kuwa katika fasihi ya taaluma yetu sijaona ulio bora: kuna magari yanayolala na kuna magari yanayopita.

Sasa tupige hesabu. Aliyepita kwa dakika 20 na kulipa Sh300 amenunua dakika moja kwa Sh15. Aliyeegesha saa moja asubuhi mbele ya ofisi yake na kuondoka saa kumi na moja jioni amekaa dakika 600, na kila dakika imemgharimu senti 50. Mpitaji amelipa mara 30 ya mlalaji, kwa lami ileile. Tuliweke jambo hili kando ya historia ya ada. Kabla ya kaunti kuanza kazi, gari dogo lilitozwa Sh140 kwa siku. Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka 2013 ikaipandisha hadi Sh300. Baadaye ikashushwa hadi Sh200. Mwishoni mwa 2019 ikatangazwa Sh400, na shauri likafika mahakamani. Mwaka 2023 ikarudi Sh300. Wasomaji wanaweza kuichukua ada yoyote kati ya hizo na kurudia hesabu: kwa Sh140 uwiano ni 30, kwa Sh400 uwiano ni 30. Miaka kumi ya kelele, kesi na matangazo haikuugusa hata kidogo.

Haya yanatupeleka kwa Donald Shoup, aliyekuwa mwalimu wa Los Angeles ambaye kitabu chake cha 2005 kuhusu gharama iliyojificha ya maegesho ya bure ndicho hunukuliwa kila panapoandikwa ripoti ya maegesho, iwe Nairobi au kwingineko. Katika jambo la msingi sina ugomvi naye, wala na William Vickrey aliyependekeza tangu mwaka 1954 kwamba bei ya mita za maegesho ifuate wingi wa wanaozihitaji. Ugomvi wangu ni na namna Shoup anavyosomwa huku kwetu. Kinachonukuliwa zaidi ni asilimia 30, yaani kwamba karibu theluthi moja ya magari yanayosongamana katikati ya miji yanazunguka kutafuta nafasi. Takwimu hiyo ni wastani wa tafiti zilizofanywa kati ya 1927 na 2001, nyingi zikiwa za mahali ambapo watafiti walikwenda kwa kuwa walijua tatizo lipo. Shoup mwenyewe hakulificha hilo. Rachel Weinberger, Adam Millard-Ball na Robert Hampshire walipofuatilia nyendo halisi za magari San Francisco na Ann Arbor, walikuta mzunguko ni mdogo mno kuliko huo. Dereva anayejua kwamba nafasi ni haba hunyakua ya kwanza anayoiona, hata kama iko mbali na aendako. Anayeandika kwamba theluthi ya msongamano wa Nairobi inatokana na wanaosaka maegesho, bila kuhesabu hata gari moja la Nairobi, anaazima kidonda cha jirani ili apewe dawa.

Pia husahaulika kilichotokea San Francisco jiji lilipoanza mwaka 2011 kurekebisha bei mtaa kwa mtaa kulingana na jinsi nafasi zinavyojaa. Wengi wanadhani bei zilipaa. Katika kipindi cha majaribio wastani wa bei ya mita kwa saa ulishuka kutoka dola 2.69 hadi 2.58. Palipojaa palipanda, palipokuwa wazi palishuka. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu kipimo kilikuwa saa tangu awali. Ukiwa na kipimo cha siku, chombo pekee ulicho nacho ni nyundo: unapandishia wote au unashushia wote.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mlalaji hulipa kila siku. Siku 22 za kazi ni Sh6,600 kwa mwezi, na fedha hizo zinauma kuliko Sh300 za mpitaji anayekuja mara moja baada ya majuma kadhaa. Ni kweli. Lakini linganisha na maegesho ya binafsi yaliyo chini ya majengo ya ofisi, ambako ada hutozwa kwa saa na hupanda kadiri unavyokaa. Kwa mtu wa saa kumi, barabara ya kaunti ndiyo bei ya kutupa, na ana kila sababu ya kuamka alfajiri kuiwahi. Sote tumewaona wanaofika kabla ya saa moja, wakakunja kiti na kumalizia usingizi ndani ya gari, ili nalo lipate pa kulala.

Pingamizi la pili, kwamba ada ya siku humfaa mwenye shughuli nyingi anayehama mtaa hadi mtaa kwa malipo yaleyale, lina nguvu kwenye karatasi tu. Huwezi kuhamia mtaa ambao umelala.

La tatu ndilo zito, nalo ni la usimamizi. Kwa ada ya siku, askari wa kaunti hupita mara moja, akaangalia namba ya gari kwenye mtambo, akaendelea. Kwa ada ya saa lazima arudi, na kila anaporudi pana mwanya wa kuzungumza. Mwenye jengo ana kizuizi mlangoni kinachohesabu muda. Barabara haina mlango. Dar es Salaam, ambako ada ya barabarani hutozwa kwa saa, inatupa somo la nusu. Kipimo ni sahihi, lakini tangu ukusanyaji uingie kwenye mtandao, deni huandikwa kwenye namba ya gari na mwenye gari anaweza kuligundua siku kadhaa baadaye. Bei inayokufikia ukiwa umekwisha kuondoka haikuambii uondoke. Kwa hiyo sidai kwamba saa peke yake inatosha. Nadai kwamba bila saa hakuna kingine kitakachotosha, na kwamba kaunti ambayo tayari hulipwa kwa simu inaweza kumtumia dereva ujumbe muda wake unapokaribia kwisha kwa wepisi uleule inaomtumia risiti.

Kuna sababu nyingine, ambayo maafisa huitaja kwa sauti ya chini. Maegesho ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mapato ya kaunti yenyewe, na ada ya siku hukusanywa mapema, mara nyingi kabla ya saa nne asubuhi. Mhasibu hupenda gari lililolala. Halimsumbui.

Ningeanza na mtaa mmoja, pengine huohuo wa Banda: nusu saa ya kwanza kwa bei ya soda, saa mbili za kwanza kwa bei ya wastani, kisha kila saa ipande hadi mlalaji aone afadhali akalale kwingine au apande matatu kama wafanyavyo wengi wanaoingia mjini. Sitarajii msongamano upungue. Una mizizi mingine. Natarajia tu kwamba mwenye shughuli ya dakika 20 apate nafasi kwa bei ya dakika 20, na sioni sababu ya jambo hilo kushindikana.

Niliporudi mtaani nilimweleza wazo hili kijana wa mtungi, maana nilijua ndiye mwenye data. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. “Hapo mzee mtaniharibia kazi,” akasema. “Zikianza kuamka kila saa, mimi nitalinda nini?”