Nipe Mbuzi

Mwambie mtu wa Kongowea "nipe mbuzi" na hutajua atakuletea nini: mnyama, au kile kigoda chenye meno cha kukunia nazi. Ukisema "mbuzi yule" au "mbuzi ile", ngeli inakuokoa. Bila hiyo, ni mazingira tu yanayoamua.

Shida hii ndiyo iliyowatesa watu wa kompyuta (shuleni tuliambiwa tarakilishi, sawa). Tarehe 7 Januari 1954, jijini New York, mashine ya IBM ilitafsiri zaidi ya sentensi 60 za Kirusi kwa Kiingereza mbele ya waandishi wa habari. Ilikuwa imelishwa maneno 250 na sheria sita za sarufi, basi. Lakini ilikuwa enzi ya Vita Baridi, na Marekani ikamwaga pesa.

Mwaka 1960 mwanafalsafa Yehoshua Bar-Hillel akawamwagia maji baridi. Kwa Kiingereza "pen" ni kalamu, na pia ni kizimba cha mtoto kuchezea. Ukisikia kisanduku kimo ndani ya "pen", unajua papo hapo ni kizimba, kwa sababu unajua ukubwa wa vitu. Mashine itajulia wapi? Kufikia 1966 kamati ya ALPAC ilitoa ripoti kali, na mfereji wa pesa ukakauka.

Mimi ninayemvulia kofia ni Margaret Masterman. Aliwahi kukaa darasani kwa Wittgenstein, na miaka ya 1950 akaanzisha kikundi chake cha utafiti wa lugha huko Cambridge, nje ya mfumo rasmi wa chuo kikuu. Wakati wengi walikimbilia sarufi, yeye alisema tuanze na maana. Akachukua kitabu cha Roget cha 1852, kinachopanga maneno kwa makundi ya maana badala ya alfabeti. Hebu tutumie mfano wetu: "mbuzi" liko kwenye kundi la mifugo na kwenye kundi la vyombo vya jikoni. Sentensi ikiwa na "nazi" na "tui", makundi yanakutana jikoni. Yaani neno linajulikana kwa majirani zake. Na haya yote waliyajaribu kwa kadi za kutobolewa matundu!

Kikundini humo alikuwamo Karen Spärck Jones, aliyekuwa amesomea historia. Tasnifu yake ya 1964 ilijaribu kuifanya mashine ijipangie makundi ya maana kutokana na visawe. Mwaka 1972 akaja na wazo jepesi ajabu: neno lililo katika kila hati halikusaidii kutafuta chochote, lile adimu ndilo lenye uzito. Wazo hilo likawa moja ya nguzo za utafutaji wa mtandaoni. Wangapi kati yetu tulilisikia jina lake darasani?

Siku hizi ni wachache wanaopanga makundi kwa mkono. Neno linageuzwa kuwa safu ya namba, zinazotokana na maneno yanayolizunguka katika mamilioni ya sentensi. Majirani tena. Ila majirani hao lazima wawe wameandikwa mahali. Mbuzi wa nyama choma ana waandishi wengi. Ile ya kukunia nazi inajulikana zaidi na mikono ya mama zetu wa Pwani, ambao hawajawahi kuona haja ya kuiandikia sentensi.