Tamthilia Yenye Kikomo: Historia ya Dhana na Tatizo la Jina Lake

Miongoni mwa istilahi zinazowasumbua wafasiri wa habari za televisheni na wahariri wa majarida ya katuni ni jina la ile hadithi inayotolewa kwa sehemu zilizohesabiwa tangu mwanzo, ikafika mwisho wake, na isirudi tena. Wageni waliliunda jina lake kwa kuunganisha neno lenye maana ya udogo na neno lenye maana ya mfululizo. Nasi tulipolipokea tulikimbilia kufuata umbo lake, tukasema "mfululizo mdogo", "mfululizo mfupi", au "tamthilia fupi". Majina hayo hayachukizi masikioni, lakini yameshika mkia yakaacha kichwa. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba kiini cha dhana hii si ufupi bali ni kikomo. Tena tutaonyesha kwamba mambo yaliyotokea katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kibondo na Kasulu, ambako hadithi za redio za namna mbalimbali zilisikilizwa kwa lugha mbili zilizo ndugu, yanatufunza zaidi katika suala hili kuliko kamusi.

Tuanze na mambo ya nje ili tuyamalize upesi. Hadithi ya kutolewa kwa sehemu haikuzaliwa na televisheni. Charles Dickens alitoa "The Pickwick Papers" kwa vijitabu vya kila mwezi kati ya 1836 na 1837, na wanunuzi walikwisha kutangaziwa kwamba sehemu zake zingekuwa kama ishirini hivi. Karne moja na zaidi baadaye, shirika la BBC lilionyesha "The Forsyte Saga" mwaka 1967 kwa sehemu 26. Nchini Marekani, mwezi Januari 1977, "Roots", iliyotokana na kitabu cha Alex Haley, ilionyeshwa kwa usiku nane mfululizo, na habari ya Kunta Kinte ikasambaa duniani. Huko Afrika Kusini "Shaka Zulu" ilitolewa mwaka 1986 kwa sehemu kumi. Katika katuni jambo hili lilichelewa, kwa sababu biashara ya majarida ya mashujaa ilitegemea hadithi isiyokwisha: Superman alikuwa akiruka tangu 1938 bila kutua. Ni mwaka 1979 ndipo ilipotolewa "The World of Krypton", matoleo matatu tu, kisha basi. Na hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika majarida hayo.

Sasa na tupime. Sehemu 26 ni ndogo? Mtazamaji aliyeanza kuitazama hadithi hiyo mwanzoni mwa Januari aliimaliza mwaka ukiwa umefika nusu. Na sehemu tatu za katuni je, ni sawa na 26 za televisheni? Kitu kinachoziunganisha hadithi hizi si idadi ya sehemu zake wala muda wake, bali ni ahadi: mtunzi anapoianza kazi yake anajua itakapoishia, na msikilizaji au msomaji naye anajua kwamba mwisho upo.

Katika Kiswahili chetu dhana hii si ngeni hata kidogo, ijapokuwa haikupewa jina. "Habari za Wakilindi" za Abdallah bin Hemedi Liajjemy zilichapishwa kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwazoesha wasomaji wa Tanganyika kungoja toleo la mwezi ujao. Baadaye magazeti ya lugha yetu yalijaa hadithi za kusisimua zilizokatwa pale hasa msomaji anapoanza kutokwa jasho, na hapo chini likawekwa neno moja: "Itaendelea". Neno hilo ni istilahi kamili, ingawa hakuna kamati iliyokaa kulijadili. Na mwenziwe ni "Mwisho". Msomaji wa Kiswahili amelelewa na maneno hayo mawili kama mtoto alelewavyo na mama na shangazi.

Hata hivyo yafaa kutenganisha aina tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Kuna kwanza visa vinavyojitegemea, ambavyo mhusika ni yule yule lakini kila kisa huanza na kuisha siku ile ile. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru alikuwa wa namna hiyo. Na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi katika Radio Tanzania vilimtosheleza hata aliyevisikia siku moja tu kwa mwaka. Kuna pili mfululizo usio na kikomo, ambao kisa kimoja hufungua kingine, na mtunzi mwenyewe hajui siku atakayoweka kalamu chini. Na kuna tatu huu tunaoujadili. Tukiita zote "mfululizo", tutakuwa kama mtu aitaye mto, ziwa na kisima kwa jina moja la "maji". Hakosei, lakini aliyetumwa na ndoo hatajua aelekee wapi.

Hapa ndipo inapotubidi kupanda milimani. Wilaya za Kibondo na Kasulu zimekaa katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, zikipakana na Burundi. Wenyeji wake ni Waha, na lugha yao, Kiha, ina undugu wa karibu na Kirundi, hata Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Kwa muda mrefu televisheni ilikuwa habari ya mbali kule. Zanzibar ilipata televisheni yake mwaka 1973, na Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994 ilipoanza vituo vya watu binafsi. Basi chombo cha hadithi katika milima ile kilikuwa redio, na redio ilikuwa betri.

Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo ulioitwa "Twende na Wakati", mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Ulihusu uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, na ulitungwa kwa kufuata utaratibu uliobuniwa na Miguel Sabido wa Mexico. Katika utaratibu huo wahusika hugawanyika katika mafungu: wema wa kuigwa, wabaya wa kuepukwa, na wale walio njia panda. Mbaya wa mchezo huo alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake katika kila kituo cha safari zake. Mkewe aliitwa Tunu. Mkwaju alitungwa awe mcheshi, mwenye fedha na maneno matamu. Ilikuwa lazima avutie kwanza, ndipo anguko lake, maradhi na upweke, limuingie msikilizaji moyoni. (Tunaongeza kwa kupita kwamba kati ya 1993 na 1995 wakazi wa eneo la Dodoma hawakurushiwa mchezo huu, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Sijui kama kuna jamii nyingine iliyopata kunyimwa hadithi kwa ajili ya elimu.)

Miezi mitatu tu baada ya mchezo kuanza, tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakavuka mpaka kwa malaki. Miaka iliyofuata Kibondo ilikuwa na makambi ya Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Kasulu ilikuwa na Mtabila na Muyovosi, na tangu 1996 Nyarugusu, iliyopokea watu waliotoka mashariki ya Kongo. Hewa nayo ikajaa sauti. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, na matangazo yake yakafika Kibondo na Kasulu. Mwaka huo huo ilianzishwa Studio Ijambo mjini Bujumbura, na kutoka huko, tangu 1997, ukatoka mchezo wa Kirundi wa Marie-Louise Sibazuri uitwao "Umubanyi Niwe Umuryango", maana yake jirani ndiye ndugu, ulioendelea kwa mamia ya sehemu. Mwaka 1999 ukaongezeka "Urunana" katika matangazo ya BBC ya Kinyarwanda na Kirundi.

Basi fikiria hali ilivyokuwa. Muha mmoja, kwa redio moja, aliweza kufuata maisha ya Tunu kwa Kiswahili na ya majirani wa Burundi kwa lugha aliyoielewa kama yake. Yote hayo yalikuwa ni mifululizo isiyo na kikomo. Na msikilizaji mwenzake wa kambini, ambaye hakuruhusiwa kutoka zaidi ya kilomita 4 bila kibali, maisha yake mwenyewe yalikuwa ya namna hiyo hiyo: kila siku "itaendelea", na hakuna aliyejua sehemu zilizobaki.

Lakini mfululizo usio na kikomo una sharti moja ambalo watungaji wake hawakulitaja kwa sauti: unataka msikilizaji asiyehama. Kibondo na Kasulu walihama. Kuanzia 2002 watu walianza kurejeshwa Burundi kwa misafara; Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012; na mwaka 2015, machafuko yalipozuka tena Burundi, watu wengine wakaja Nyarugusu, na Nduta ikafunguliwa upya mwezi Oktoba. Pamoja na kuhama kulikuwako betri kwisha, mwenye redio kusafiri, na msimu wa kulima. Sasa mtu aliyemfuata Mkwaju kwa miezi sita, kisha akapanda lori la kurudi kwao kabla Mkwaju hajaugua, alibeba nini? Alibeba habari ya mwanamume hodari, mwenye fedha, anayependwa kila aendako. Fundisho lilikuwa katika sehemu ambazo hakuzisikia. Katika hadithi iliyotungwa ili iokoe maisha, kasoro hiyo si ndogo. Tena si kasoro ya mtunzi, maana kwa msikilizaji aliyetulia utaratibu ule ulifanya kazi yake vizuri. Ni kasoro ya kuchagua aina isiyolingana na hadhira, na mpangaji wa vipindi hawezi kuchagua vema baina ya mambo mawili ambayo lugha yake inayaita kwa jina moja.

Watu wenyewe hawakungoja wataalamu. Diski zilipoenea na mabanda ya video yakafika katika miji midogo yenye jenereta, filamu za Kitanzania ziliuzwa kwa vipande viwili, na wanunuzi wakaviita "pati wani" na "pati tuu". Hadithi ndefu za televisheni za kigeni zikapewa jina la "sizoni". Wapo wanaolidharau neno hili kwa kuwa ni la mtaani, na kweli limepotoka, maana huko lilikotoka hutaja fungu moja tu la mfululizo, na sisi tumelivika kazi nzima. Hata hivyo tusiharakishe kulitupa. Msikilize kijana asemapo, "Nimemaliza sizoni." Hasemi kwamba ni ndogo, anasema kwamba amemaliza. Wakati huo neno "tamthilia", ambalo katika miaka ya 1970 na 1980 lilikuwa likichukua nafasi ya "mchezo wa kuigiza" katika madarasa ya fasihi, lilitekwa na televisheni, na leo wengi wakilisikia hawafikirii kitabu cha Ebrahim Hussein bali kisa cha jioni kinachoendelea mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kusema "tamthilia fupi" hakumsaidii mtu: mwanafunzi atadhani ni mchezo wa tendo moja, na mama yake atadhani ni kipindi cha dakika kumi.

Katika Afrika Mashariki aina hii yenye kikomo imekwisha kutiwa mkononi. "Shuga", iliyotengenezwa Kenya mwaka 2009, ambamo Lupita Nyong'o aliigiza, ilianza kwa sehemu tatu tu, na ilishughulikia jambo lile lile la UKIMWI lililomshughulisha mtunzi wa Mkwaju. Katika katuni, jarida la Shujaaz la huko huko Kenya, lililoanza 2010, lilichukua njia tofauti: wahusika wake waliendelea mwezi hata mwezi, na hadithi ile ile ikasikika redioni.

Kwa sababu hizo tunapendekeza jina "mfululizo wenye kikomo" kwa dhana kuu, likitanguliwa na aina yake panapohitajika: tamthilia ya mfululizo wenye kikomo, katuni ya mfululizo wenye kikomo. Wenye haraka watakata, kama watu wakatavyo siku zote, na "tamthilia yenye kikomo" itawatosha. Kinyume chake kiwe "mfululizo usio na kikomo", na ile aina ya Chakubanga iitwe "visa vinavyojitegemea". Fungu moja la hadithi liitwe "sehemu", kwa kuwa "kipindi" ni mali ya ratiba ya redio na "toleo" ni mali ya mchapaji. "Sura" tuwaachie wenye vitabu. Mtu akiuliza kama jina la maneno matatu si refu mno, tutamjibu kwamba "uzazi wa mpango" ni maneno matatu vilevile, na limefika Kibondo bila kuchoka.

Na katika uchapaji na utangazaji, pale mwanzoni mwa kila fungu, iandikwe na isomwe kwa sauti hesabu yake kamili: sehemu ya tatu kati ya nane. Msikilizaji wa Kasulu mwenye betri za wiki mbili atapiga hesabu mwenyewe.