Mvule wa mbegu: kwa nini miche mingi haifiki shambani

Kila tukizungumzia kakao hewani, wasikilizaji wa Kyela hutuuliza swali moja: mvule uliokuwa unaikinga mikakao na jua umeshapasuliwa mbao, mwingine tutaupata wapi? Unaoteshwa kwa mbegu. Ila ina masharti yake.

Mvule (Milicia excelsa) ni wa ukoo mmoja na mkuyu, mfenesi na mforosadi. Yumo pia ndugu wa mbali wa Marekani, Osage orange, ambao wakulima wa huko waliupanda kuwa ua kabla ya kuja seng'enge. Kama huo wa Marekani, mvule una mti dume na mti jike. Dume hutoa mikia mirefu myeupe ya maua inayoning'inia. Maua ya jike ni mafupi, manene, ya kijani, na huwa tunda laini linalofanana na kiwavi aliyeshiba. Ukiokota chini ya dume unaokota bure.

Hapa ndipo tunapoona hatari kubwa. Chavua ya mvule hubebwa na upepo, na upepo nao una mwisho wake. Madume ya kijiji yakikatwa yote, jike lililobaki halina wa kulipa chavua, na bila chavua hupati mbegu ya kuota. Kwa hiyo kabla hujapatana bei na mwenye msumeno, subiri maua ujue unauza nini.

Matunda yaliyoiva huanguka, na popo huyawahi, basi okota asubuhi. Yaloweke usiku kucha, yaponde kwa mkono, uchuje, kisha anika mbegu kivulini. Ni ndogo mno, kama milimita 2 tu, na uhai wake hupungua upesi. Usiziweke kabatini kusubiri mwakani. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisambae, mwaga juu ya udongo laini, funika kwa tabaka jembamba sana, mwagilia taratibu. Huota kati ya wiki 2 na 4. Miche ikishika majani kadhaa ihamishie kwenye viriba.

Kisha huja adui. Ni mdudu mdogo wa jenasi Phytolyma, hutaga mayai kwenye machipukizi. Watoto wake wakiingia ndani, chipukizi huvimba vinundu, vinundu hupasuka na kuoza, ncha ya mche hufa. Wengi hudhani ni ukame, wakazidisha maji. Mche wa juani, uliopandwa pamoja na wenzake wengi, ndio huumia zaidi. Weka kitalu penye kivuli cha wastani, kata machipukizi yenye vinundu uyachome moto, na shambani usipande mivule mfululizo kama mahindi. Tawanya mmoja mmoja katikati ya migomba na mikakao, halafu punguza kivuli kadiri unavyorefuka, maana mvule mkubwa unataka jua.

Jambo la mwisho ni la kwetu hasa. Mvule hauvumilii maji yaliyotuama, na bonde letu hufurika Songwe na Kiwira zinapojaa. Majaruba ya mpunga yaachie mpunga. Chagua sehemu iliyoinuka, pandikiza mvua za Novemba na Desemba zinapoanza, ili mizizi iwe imeshika kabla ya maji mengi ya Aprili.