Kinjeketile: alisitasita au alisubiri?

Leo siongelei bumu wala foleni ya kantini. Naongelea deni.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, niliwafundisha kidato cha tatu tamthiliya ya Kinjeketile. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KASORO YA SHUJAA NI KUSITASITA. Wakanakili wote. Kengele inakaribia kulia, binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani angewaruhusu wapigane mapema, wangeshinda?" Nikamwambia tutaliangalia kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikaanza mada nyingine. Hilo ndilo deni.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimembeba Hamlet wa Shakespeare kichwani na kumbandika kwa mtu wa kwetu. Hamlet mnamjua: mzimu wa baba yake unamwambia ameuawa na ndugu yake. Siku moja Hamlet anamkuta huyo ami yake peke yake, anasali. Upanga anao, lakini anaahirisha. Mwisho wa mchezo jukwaa limejaa maiti. Basi sisi wanafunzi tunaandika "kusitasita", tunapata maksi zetu, tunaondoka. Tunasahau kwamba Aristotle mwenyewe, aliyeandika juu ya tanzia, alitumia neno hamartia, ambalo liko karibu zaidi na "kosa" kuliko "tabia mbovu". Mtu mwema anaweza kukosea kwa sababu hakujua.

Sasa turudi nyumbani. Mimi ni wa Mtanda, Lindi, na Ebrahim Hussein aliyeandika Kinjeketile ni mzaliwa wa Kilwa, 1943. Tamthiliya yake ilichapwa 1969. Ndani yake Kinjeketile anapandwa na pepo Hongo na kuwapa watu maji ya kuzuia risasi. Fahamu zinapomrudia, anagundua kwamba alipokuwa amepandwa alitamka pia kwamba watakuwa watu wa Sultani wa Zanzibar. Hapo anashtuka. Ina maana tunamtoa Mjerumani ili tumwingize mwingine? Na kama hilo neno lina walakini, maji je? Kuanzia hapo shaka inamla. Anawaambia watu wangoje, wajifunze vita, waungane kwanza. Wao wameshachoka kungoja.

Lakini historia yenyewe inasemaje? Hapo ndipo nilipojiona mzembe.

Kinjikitile Ngwale wa kweli aliishi Ngarambe, Rufiji. Mwaka 1904 watu walianza kumiminika kwake kufuata maji. Hawakwenda kwa ujinga. Walishachoshwa na kodi, na viboko, na mashamba ya pamba ya pamoja yaliyoanzishwa 1902, ambako jasho lilikuwa jingi na malipo kiduchu. Wala hawakuwa hawamjui Mjerumani. Kilwa Kivinje walishaona mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya akinyongwa kwa kupinga utawala huo. Mtu aliyeona hayo akisema "tusubiri kwanza tuwe wengi", huyo si mwoga, anapiga hesabu.

Miaka ya 1960 mwanahistoria Gilbert Gwassa alikusanya masimulizi ya wazee wa kule, na wazee walieleza kwamba Kinjikitile aliwataka watu warudi makwao wangoje neno lake. Neno likachelewa. Wamatumbi wakaanza kuulizana, huyu mganga anangoja nini? Julai 1905, pale Nandete, wakang'oa pamba ya serikali. Ilikuwa ni kutangaza vita. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro.

Hebu hesabuni siku. Tangu pamba ing'olewe mpaka kitanzi, ni kama wiki mbili tu. Vita viliendelea mpaka 1907 bila yeye. Mashambulizi ya boma la Mahenge, ambako bombomu za Wajerumani ziliwafyeka watu, yalikuwa tarehe 30 Agosti, yeye ameshazikwa. Hussein ndiye aliyemweka hai mpaka watu wake wameshashindwa, ili aone matokeo ya neno lake. Yaani zile siku za mateso ya moyoni amepewa na mwandishi. Historia haikumpa nafasi hiyo. Mimi nilivichanganya hivi viwili ubaoni.

Kiswahili chetu kina methali mbili zinazopigana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kinjeketile amesimama katikati yao, na zote mbili ni za kweli. Kwa hiyo binti, jibu langu ni hili: hapana, sioni kwamba kuwahi kungewapa ushindi. Risasi za bombomu zisingegeuka maji Juni wala Julai. Kusubiri ndiko kulikokuwa na akili. Kosa lilitangulia hapo, kwenye ahadi ambayo maji hayangeweza kuitimiza. Na neno likishamtoka mtu halimngoji mwenyewe.

Gharama yake haielezeki. Wajerumani walikadiria waliokufa ni 75,000. Gwassa alikadiria 250,000 mpaka 300,000, wengi kwa njaa, maana mashamba na maghala yalichomwa makusudi.

Lakini mwisho wa tamthiliya Kinjeketile anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anaona kesho watoto wataambiwa babu zao walikosea kupigana. Hapo hasitisiti hata kidogo! Na mwaka 1956 Nyerere alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, akaeleza kwamba wale watu walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba mzungu ana haki ya kuwatawala. Neno lilikuwa bado linaishi.

Shujaa wa tanzia anaweza kuwa na shaka juu ya jambo moja na uhakika juu ya jingine. Hilo ndilo nililopaswa kuandika ubaoni. Bahati mbaya mimi kosa langu halikuwa kusitasita, lilikuwa haraka.

Walimu wenzangu watarajiwa, mwanafunzi wa nyuma akinyoosha mkono, mjibuni siku hiyo hiyo. Alamsiki.