Mji wa Pompeii na Ushahidi wa Mifupa

Katika nchi ya Italia, si mbali na Naples, uko mlima wa moto uitwao Vesuvius, na chini yake palikuwa na mji wa Pompeii. Mwaka 79 baada ya kuzaliwa Kristo mlima ule ulipasuka. Mawe mepesi yakanyesha juu ya mji muda wa saa nyingi, hata mapaa yakaanguka. Kisha likashuka wimbi la hewa ya moto na majivu, likawaua waliosalia. Mji wote ukafukiwa.

Kijana mmoja wa Kirumi, jina lake Plinius, aliuona msiba huo kwa macho yake kutoka ng'ambo ya ghuba, akauandika baadaye katika barua mbili ambazo zipo hata leo. Twasoma humo habari za mlima, na za kifo cha mjomba wake. Lakini habari za watu wa Pompeii hazimo. Hizo zilibaki ardhini.

Uchimbaji ulianza mwaka 1748. Wachimbaji wa kwanza walitafuta hasa sanamu na vitu vya thamani. Lakini mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, mkuu wa kazi hiyo, alitumia njia mpya. Miili ya wafu ilikuwa imeoza ndani ya majivu yaliyoshupaa, ikaacha nafasi tupu zenye umbo lake. Fiorelli akamimina jasi iliyokorogwa na maji ndani ya nafasi hizo; ilipokauka, majivu yakabanduliwa, na tazama, zikaonekana sura za watu, hata mikunjo ya nguo zao!

Katika nyumba moja alionekana mtu mzima aliyevaa bangili ya dhahabu, na mtoto amempakata. Watu wakasema, "Huyu ni mama na mwanawe." Habari hiyo ikasimuliwa miaka mingi, na wengi waliihurumia. Lakini mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba wamezipima alama za urithi zilizomo katika mifupa. Mwenye bangili alikuwa mwanamume, wala hakuwa na udugu wa damu na mtoto yule.

Je, huruma imepungua? Hata kidogo. Mtu aliyempakata mtoto asiye wake katika saa ya kufa astahili kukumbukwa jinsi alivyokuwa.

Wengine hawakusimuliwa kabisa. Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya nyumba yenye chumba cha kuokea mikate, chembamba, madirisha yake madogo yana vyuma. Humo watumwa na punda walisaga nafaka. Sakafuni mmechongwa alama za kuwaongoza punda walipozunguka jiwe la kusagia. Na katika nyumba iyo hiyo ukuta umechorwa sinia ya fedha yenye mkate na matunda. Tajiri alijichorea karamu; mtumwa aliyesaga unga hakuacha hata jina.

Sehemu ya mji yapata theluthi moja ingali chini ya ardhi, na wachimbaji wa leo huenda polepole. Wafanya vema. Mfu hawezi kumkanusha amsingiziaye, wala kumkumbusha amsahauye. Basi atakaye kusimulia habari za waliotutangulia, asitangulize dhana yake; na aiulize kwanza mifupa, na jiwe la kusagia.